Kichupa kilichofika mwisho wa reli

Mwaka 2015 Kagunga haikuwa na barabara. Nyuma yake mlima umesimama wima, mbele ni Ziwa Tanganyika, kaskazini ni Burundi. Aliyetoka Kigoma mjini alipanda mtumbwi wa injini pale Kibirizi, akaipita Gombe ya sokwe, ndipo afike. Mei mwaka huo, Bujumbura ilipochafuka kwa sababu ya muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza, kijiji hicho cha watu elfu kumi na kitu kilijikuta na wageni zaidi ya 50,000. Walilala ufukweni. Maji ya kunywa yalikuwa ya ziwa, ya kufulia ya ziwa, na kwa kuwa vyoo vilikuwa vya kuhesabu, ziwa likabebeshwa na hayo mengine.

Kipindupindu hakikukawia. Tarehe 22 Mei, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) lilitangaza kuwa wagonjwa wamefika kama 3,000, wapya kati ya 300 na 400 kila siku, na waliokufa ni 31: wakimbizi 29 na Watanzania wawili. Mv Liemba, meli ya Wajerumani iliyoundwa 1913, ikazamishwa kwa makusudi 1916 na kurudi kazini 1927, ilipewa kazi ya kuwahamisha watu, kama 600 kwa safari. Walishushwa Kigoma, wakapumzishwa katika Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wakapandishwa mabasi kwenda Nyarugusu, wilayani Kasulu, kambi iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo. Ugonjwa nao ulikuwa umeshapanda meli.

Juni, Wizara ya Afya, Shirika la Afya Duniani (WHO) na Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) walianza kuwapa chanjo watu wa Nyarugusu, zaidi ya laki moja. Haikuwa ya sindano. Ilikuwa ya kunywa, ndani ya kichupa cha kioo cha mililita moja na nusu, kiasi kisichojaza hata kijiko cha chai. Mtoa chanjo alikitikisa, akabandua kifuniko cha bati, akachomoa kizibo cha mpira, kisha akammiminia mtu kinywani na kuhakikisha amemeza. Ladha yake haikuwa ya kusifiwa, na watoto hawakuficha hisia zao. Baada ya wiki mbili mtu alirudi kwa dozi ya pili. Dawa yenyewe iliitwa Shanchol, na mtengenezaji wake alikuwa Shantha Biotechnics wa Hyderabad, India.

Leo kichupa hicho hakitengenezwi tena. Hakikushindwa kazi, wala hakuna aliyedhurika. Mwenye kiwanda aliamua tu kuacha. Jinsi kilivyopatikana na jinsi kilivyopotea ni habari moja, nayo ni habari ya kampuni ndogo za bayoteknolojia na kampuni kubwa za dawa: kwa nini zinatafutana, nani anapata nini, na mtu wa Kagunga anakaa wapi kwenye makubaliano yao.

Tuanze na sababu za kutafutana, na kwa hilo sina haja ya kwenda mbali kuliko Kibirizi au Katonga wakati wa jioni, mitumbwi ya dagaa inapojiandaa kutoka. Wavuvi ndio wanaolijua ziwa: wanajua upepo, wanajua kundi limelala wapi, na mwezi ukiwa mpevu hawaendi. Lakini mtumbwi, injini, nyavu na taa ni mali ya tajiri. Alfajiri dagaa wakishafika mwaloni, kwanza yanatolewa mafuta, halafu mavuno yanagawanywa kwa makubaliano. Mvuvi bila chombo ni mtu aliyekaa ufukweni na elimu yake. Tajiri bila wavuvi ana mbao na chuma. Kampuni ya bayoteknolojia ni mvuvi wa namna hiyo. Utajiri wake ni wanasayansi kadhaa, maabara, na hataza inayosema wazo hili ni letu.

Wazo peke yake haliingii kwenye friji ya zahanati. Dawa mpya hujaribiwa kwanza kwa makumi ya watu kuona kama ni salama, halafu kwa mamia, halafu kwa maelfu kuona kama inafanya kazi kweli, na awamu hiyo ya tatu ndiyo inayomaliza fedha. Miaka yote hiyo hakuna hata senti moja ya mauzo. Kisha kinatakiwa kiwanda kinachokaguliwa na watu wasiocheka, makabrasha ya maombi ya usajili kwa kila nchi, na watu wa kuuza. Kampuni yenye wafanyakazi hamsini haina hivyo vyote, na ikijaribu kuvijenga mara nyingi hufilisika katikati ya njia.

Kampuni kubwa inavyo vyote. Shida yake ni nyingine. Hataza hudumu miaka 20, na sehemu kubwa ya miaka hiyo huliwa na majaribio. Siku inapoisha, viwanda vya nchi nyingine vinaruhusiwa kutengeneza dawa ileile kwa bei ya chini, na mapato ya mabilioni yanaporomoka ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa hiyo kampuni kubwa haina budi kutafuta kitu kipya wakati wote, na imeona kuwa ni nafuu kukinunua kwa mdogo kuliko kukigundua yenyewe. Mikataba yao hufanana: malipo ya awali, malipo mengine kila hatua ya majaribio inapovukwa, halafu mrabaha wa mauzo. Au, kubwa ikipenda sana, inanunua kampuni nzima.

Mtindo huu una umri. Mwaka 1978 wanasayansi wa Genentech, kampuni changa ya California, walifanikiwa kuwafanya bakteria watengeneze insulini ya binadamu. Hawakuwa na uwezo wa kuiuza, ila Eli Lilly, mfalme wa insulini wakati huo, alikuwa nao. Insulini hiyo ikaingia sokoni 1982, Genentech ikalipwa mrabaha, na tangu hapo wagonjwa wa kisukari walianza kuacha kutegemea kongosho za nguruwe na ng'ombe. Mwaka 2020 BioNTech ya Mainz, Ujerumani, ilikuwa na wazo la chanjo ya Uviko-19, na Pfizer wa Marekani wakawa na majaribio, viwanda na malori. Hizo mbili msomaji anazijua. Ya Shanchol ni ndefu zaidi na, kwa sisi wa huku, ina mengi ya kutufaa.

Mizizi yake iko Sweden na Vietnam. Huko Gothenburg, Profesa Jan Holmgren na wenzake walitengeneza chanjo ya kunywa ya kipindupindu iliyokuja kuitwa Dukoral. Miaka ya 1980 elimu hiyo ilivuka hadi Hanoi, na Wavietnam, waliokuwa na kipindupindu cha kwao na fedha kidogo, wakatengeneza yao iliyo rahisi zaidi. Waliisajili 1997 na wakawapa watu wao mamilioni ya dozi. Ilikuwa chanjo nzuri na ya bei ya chini, iliyotumika nchini kwao kila mwaka, lakini Mtanzania au Mkongo hakuweza kuipata. Sababu haikuwa ya kisayansi. Mashirika ya Umoja wa Mataifa hununua chanjo zilizopita kwenye mchujo wa WHO tu, na WHO haipokei maombi ya mchujo kutoka nchi ambayo mamlaka yake ya dawa haijatambuliwa. Mamlaka ya Vietnam haikutambuliwa hadi 2015.

Hapo ndipo Taasisi ya Kimataifa ya Chanjo (IVI) yenye makao Seoul ilipoingia. Kwa fedha za Wakfu wa Bill na Melinda Gates pamoja na serikali za Sweden na Korea Kusini, iliirekebisha chanjo ya Vietnam ikidhi masharti ya WHO, ikatafuta mtengenezaji katika nchi ambayo karatasi zake zinakubalika. Ikawachagua Shantha wa Hyderabad. Majaribio yakafanyika Kolkata kwa watu takriban 67,000, na baada ya miaka mitano kinga ilikuwa bado asilimia 65. India iliisajili 2009, WHO ikaipitisha 2011.

Shantha yenyewe ilianzishwa 1993 na K. I. Varaprasad Reddy, mhandisi wa elektroniki ambaye hakuwa na shahada ya biolojia wala mtaji, akaipa jina la mama yake. Benki za India hazikumwelewa. Aliyemwelewa alikuwa mtu wa Muscat: Yusuf bin Alawi, aliyekuwa akishughulikia mambo ya nje ya Oman, alitia fedha zake na kuchukua sehemu kubwa ya hisa. Wenye ndugu Oman, na Ujiji wapo wa kutosha, watavutiwa kusikia kuwa mtaji wa mwanzo wa kichupa cha Nyarugusu ulitoka huko. Mwaka 1997 Shantha walitoa chanjo ya homa ya ini B kwa bei iliyokuwa kipande kidogo tu cha bei ya chanjo za kuagizwa kutoka Ulaya, na soko la India likabadilika.

Mafanikio hayo ndiyo yaliyowaita wakubwa. Mwaka 2006 kampuni ya familia ya Mérieux ya Ufaransa ilinunua hisa nyingi za Shantha, na 2009 Sanofi wakainunua kutoka kwa Mérieux, kwa thamani ya yuro milioni 550. Kwa nini walitoa fedha yote hiyo? Msomaji anaweza kudhani ni kwa ajili ya kipindupindu. La. Walikitaka kiwanda cha India chenye gharama ndogo, soko la nchi zinazoinukia, na zaidi ya yote Shan5, sindano moja inayowakinga watoto na magonjwa matano, ambayo UNICEF ilikuwa imeiwekea mkataba wa dola milioni 340. Mwaka uliofuata mashapo meupe yalionekana kwenye vichupa vya Shan5, WHO ikaiondoa kwenye orodha yake, mkataba ukapotea. Ilirudi kwenye orodha 2014.

Shanchol ilikuwa bidhaa ya pembeni iliyokuja pamoja na nyumba. Iliuzwa dola 1.85 kwa dozi, wanunuzi wake wakiwa mashirika ya misaada, na walaji wake wakiwa watu wanaokimbia vita au mafuriko. Mwaka 2013 WHO na wenzake walianzisha akiba ya dharura ya dunia kwa dozi milioni mbili, na akiba hiyo ilijengwa juu ya kichupa hiki. Bila Sanofi kuwa nyuma ya Shantha, na bila Shantha kuwa na kiwanda, Nyarugusu ya 2015 ingebaki na dripu, chumvi-sukari na dua. Lazima nilitamke hilo wazi, kwa sababu kuna uandishi wa siku hizi unaozitaja kampuni kubwa kama mashetani tu, na mashetani hawapeleki chanjo Kasulu.

Lakini aliyenunua chombo ndiye anayeamua kama leo kinatoka au hakitoki. Sanofi waliamua kusimamisha Shanchol: uzalishaji uishe mwishoni mwa 2022, na ugavi 2023. Maelezo yao yalikuwa kwamba kiasi wanachotoa ni kidogo kikilinganishwa na mahitaji ya dunia, na kwamba watengenezaji wengine wametangaza kuongeza uzalishaji wao. Kwa hesabu za ofisini, hakuna neno la uongo hapo. Kwa bahati mbaya, mwaka huohuo kipindupindu kiliripuka katika nchi nyingi kwa mpigo, Malawi ikiwamo. Oktoba 2022 akiba ilikuwa imekauka kiasi kwamba WHO na wenzake walisitisha utaratibu wa dozi mbili, kila mtu akapewa moja. Kati ya Januari 2023 na Januari 2024 maombi ya dharura yalifika dozi milioni 76, zilizopatikana milioni 38. Nusu kamili.

Dozi moja ina uzito gani? Jibu zuri limetoka kwa majirani zetu. Uvira, upande wa Kongo, ilipewa chanjo 2020, na watafiti wakawafuatilia wagonjwa wa mji huo kwa miaka. Matokeo yaliyochapishwa 2024 yanaonyesha kuwa waliokunywa dozi moja walipata kinga ya asilimia kama 53 mwaka wa kwanza na miezi kadhaa, ikishuka hadi kama 45 mwaka wa tatu. Kwa dharura, ni afadhali kubwa. Kwa watu wanaochota maji ziwani maisha yao yote, ni mwavuli uliotoboka. Na Uvira ikiugua, Kigoma haiko mbali na foleni: mitumbwi ya mawese, mgebuka na vitenge haisubiri takwimu. Daktari James Christie, aliyekuwa Zanzibar wakati wa mlipuko wa 1869 na 1870, aliandika kitabu kilichotoka 1876 akionyesha kwamba kipindupindu kilisafiri kwa njia zilezile za wafanyabiashara na wapagazi. Ujiji ilikuwa mwisho wa njia kuu ya misafara hiyo. Leo njia ni ziwa lenyewe, kutoka Kalemie, Uvira na Rumonge hadi Kibirizi, na dumu la njano linajazwa maji palepale ubavuni mwa mtumbwi unaooshwa.

Zanzibar nayo ina kipande chake. Mapema 2009, kabla ya Shanchol, Unguja na Pemba zilijaribu ile ya Kiswidi, Dukoral. Katika watu wapatao 48,000 waliostahili, nusu walikamilisha dozi mbili, na kinga ya moja kwa moja ilikuwa asilimia 79. Tatizo lake lilikuwa la kuchekesha kama si la kuudhi: Dukoral huchanganywa na maji safi yaliyotiwa unga wa kupunguza asidi, kama robo tatu ya glasi ndogo kwa mtu mzima, ili asidi ya tumbo isiiharibu. Yaani ili umkinge mtu asiye na maji safi, mpe kwanza maji safi.

Fuata karatasi za Dukoral uone mzunguko wake. Kampuni ya Sweden iliyoitengeneza ilinunuliwa 2006 na Crucell, kampuni ya bayoteknolojia ya Leiden, Uholanzi. Crucell ikanunuliwa 2011 na Johnson & Johnson. Johnson & Johnson hawakuitaka Dukoral; waliitaka teknolojia ya Crucell ya kubebea chanjo ndani ya virusi dhaifu vya mafua. Mwaka 2015 waliiuza Dukoral kwa Valneva, wakabaki na teknolojia. Na tarehe 24 Julai 2021 ndege ilipotua Dar es Salaam na dozi 1,058,400 za Uviko-19, ambazo Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mojawapo hadharani siku nne baadaye, zilikuwa za teknolojia hiyohiyo ya Leiden. Mwaka 2009 Mzanzibari alikunywa bidhaa ya Crucell, na miaka 12 baadaye alichomwa bidhaa iliyozaliwa Crucell, bila kampuni hiyo kuwapo tena kwa jina lake. Kampuni ndogo humezwa. Kilichomo tumboni mwake ama kinaendelea ama kinauzwa, kwa kufuata maslahi ya aliyemeza.

Sasa, kwa nini Kigoma haikubaki bila chochote baada ya 2023? Hapa ndipo somo lilipo, na wanasheria wetu walitazame vizuri. IVI, ilipowapa Shantha maarifa ya kutengeneza chanjo, haikuwafungia wao peke yao. Mwaka 2010 kampuni mpya ya Korea Kusini, EuBiologics, ilianzishwa na ikapewa maarifa yaleyale. Chanjo yao, Euvichol, ilipita WHO Desemba 2015, miezi michache baada ya Nyarugusu. Mwaka 2017 wakaacha kioo wakaingia kwenye kichupa cha plastiki ambacho mtoa chanjo hukizungusha shingo na kukikamua, chepesi kubeba, hakivunjiki njiani. Sanofi walipoondoka, akiba yote ya dunia ilisimama juu ya Wakorea hao. Aprili 2024 WHO ilipitisha aina yao nyingine, Euvichol-S, iliyo rahisi zaidi kuzalisha. India nako Bharat Biotech walizindua Hillchol Agosti 2024, chanjo iliyobuniwa na Hilleman, maabara iliyoundwa kwa pamoja na kampuni kubwa ya MSD na mfuko wa Wellcome. Na barani kwetu, Biovac wa Cape Town walitia saini na IVI mwaka 2022.

Angalia tofauti. Kampuni ya dawa iliponunua kampuni ya bayoteknolojia, bidhaa ikawa yake kuitunza au kuiacha. Taasisi ya umma ilipogawa maarifa kwa zaidi ya mmoja, kuondoka kwa mmoja kulileta njaa, hakukuleta kifo cha bidhaa. Dunia nzima kumtegemea Mkorea mmoja ni jambo la hatari, lakini kutomtegemea yeyote kungekuwa balaa.

Na sisi Tanzania? Tumewahi kuwa na mkataba wa namna hii. Kibaha kuna kiwanda cha Tanzania Biotech Products, mali ya Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC), kilichofunguliwa Julai 2015, wakati uleule Nyarugusu ilipokuwa inapambana. Teknolojia ilitoka Labiofam ya Cuba, na bidhaa ni bakteria wanaoua viluwiluwi vya mbu. Tulipata maarifa na majengo, tukasahau mnunuzi. Halmashauri, ambazo ndizo zenye madimbwi, hazikuwa zimetenga fedha, mpaka Juni 2017 Rais John Magufuli alipokitembelea na kuagiza halmashauri zikanunue. Kampuni kubwa ya dawa isingefanya kosa hilo. Kabla haijamwaga zege ingekuwa na orodha ya wateja. Hilo nalo ni jambo ambalo mdogo hujifunza kwa mkubwa, na tusijione wanyonge kulikubali.

Tunalo jambo moja ambalo Vietnam haikuwa nalo. Desemba 2018 mamlaka yetu ya dawa, wakati huo ikiitwa TFDA na sasa TMDA, ilikuwa ya kwanza Afrika kuthibitishwa na WHO kufika ngazi ya tatu ya ukomavu. Kusimamia kiwanda cha chanjo ni mtihani mwingine ambao bado uko mbele. Ila mlango uliowazuia Wavietnam karibu miaka ishirini kwetu umeshafunguka kwa nusu, na ni aibu kusimama kwenye mlango huo bila kupita.

Kingine tulichonacho ni watu. Bagamoyo, Taasisi ya Afya Ifakara imefanya majaribio ya chanjo ya malaria ya R21, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Oxford, inayotengenezwa na Serum Institute ya India, na yenye kiungo cha kuamsha kinga kutoka Novavax, kampuni ya bayoteknolojia ya Maryland. Palepale imejaribiwa chanjo nyingine ya malaria, ya Sanaria, kampuni ndogo ya Maryland pia. Hiyo ni mikono minne mitano katika chanjo mbili, na mmoja wake ni wa mama wa Bagamoyo aliyemshika mtoto wake achomwe sindano ambayo bado haijajulikana kama itafaa. Bila mkono huo hakuna awamu ya tatu, na bila awamu ya tatu hakuna hataza yenye thamani wala mkataba wa kutia saini.

Sina ugomvi na ndogo kuungana na kubwa. Nisingependa hata kidogo kuona chanjo nzuri ikiozea maabara kwa sababu mwenye nayo anaogopa kumezwa. Ninachotaka ni kwamba taasisi zetu za utafiti, zinapokaa mezani na wageni hawa, ziache kujadili posho, magari na majina ya waandishi wa makala peke yake. Ziweke sharti kwamba anayetaka kuacha kutengeneza atoe taarifa miaka mitatu kabla, amkabidhi maarifa mtengenezaji mwingine atakayekuwa tayari, na mkoa uliotoa watu wa kujaribiwa uwe wa kwanza kuhudumiwa dozi zikiwa chache. Sharti hilo liandikwe kabla mtu wa kwanza hajachanjwa, kwa sababu baada ya hapo hatuna tena cha kutajia bei.